Andika kwa Ukali, Soma kwa Upole

Siku mliponiaga, vijana wangu, mlinipa blanketi na saa ya ukutani, mkaniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi enzi zetu. Blanketi linanifaa. Saa ninaitazama hivi sasa na sijui inanihimiza niende wapi, maana sina tena pa kuwahi. Mmoja wenu alitaka kujua nilivyopanda vyeo. Hayo yako kwenye faili, na anayependa kusinzia akayasome huko.

Mimi nitaandika juu ya miaka ya hamsini, nilipoanza kazi, na juu ya mtu mmoja aliyeitwa Nyamhanga. Nina hamu naye. Ninalisema mapema ili asitokee mtu akashangaa katikati ya safari kwa nini mzee ameacha kuandika na anafuta miwani.

Wakati ule Tarime na Serengeti hazikuwa wilaya mbili. Yote ilikuwa North Mara, na wakubwa wote walikaa Tarime, ng'ambo ya mto Mara. Nilitoka kwetu Natta kwa miguu, viatu nimevishika mkononi visichakae, mpaka zahanati ya Machochwe. Ilikuwa na vyumba viwili vya udongo, paa la bati, na benchi moja nje ambalo wagonjwa waligombania kivuli chake. Nilikuwa nimemaliza shule ya kati, na Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko cha watu wote niliowajua, kwa sababu niliowajua hawakukijua.

Nyamhanga ndiye alikuwa dresa, yaani mtu wa kufunga vidonda, kuchoma sindano na kila kitu kingine, kwani hakukuwa na mwingine. Kazi aliifundishwa jeshini wakati wa vita. Alikuwa Mkurya mrefu, mkimya, mwenye vidole vinene, na ukimwona akimtoa mtoto mwiba machoni ungedhani vidole vile ameazima. Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti akinoa sindano kwenye kinoo. Msishangae. Sindano zilikuwa chache, zilichemshwa, zikanolewa, zikarudi kazini.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Kiingereza?"

"Naitwa Wambura."

"Wambura wako wengi hapa. Kiingereza ni wewe tu. Kaa, mura."

Mura kwao ni kijana, na mpaka leo mtu akiniita hivyo, hata akiwa ni utani kwa sababu ya mvi zangu, moyo unaruka kidogo.

Kazi yangu ilikuwa hii. Daktari wa Tarime alikuwa Mzungu, mtu mwema, ila Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai. Alikuja kwetu kila Alhamisi ya pili. Mgonjwa akizidiwa kabla ya siku hiyo, ilibidi aandikiwe barua kwa Kiingereza. Tarishi wetu, Marwa, aliipeleka kwa baiskeli mpaka mtoni, akavuka, akaendelea. Daktari alisoma, na kwa maneno yale tu akaamua kupanda gari au kungoja Alhamisi yake. Hakuwa na kitu kingine cha kumwongoza. Uhai wa mtu wa Machochwe ulikaa kwenye nusu ukurasa wangu.

Barua yangu ya kwanza naikumbuka kwa aibu. Alikuja mtu amevimba mguu kwa mwiba. Alilia sana. Mimi nilikuwa na kamusi isiyo na jalada na hamu kubwa ya kuitumia, nikaandika kwamba sote tuko "in mortal terror" juu ya maisha yake, hofu ya kufa hasa. Daktari aliacha chakula, gari likazama kwenye udongo mweusi karibu na Mugumu, akatembea saa mbili kwenye matope. Alimkuta mgonjwa wake nyuma ya zahanati anachoma mahindi, naye kwa ukarimu akamkaribisha muhindi mmoja.

Daktari aliula ule muhindi. Kisha akaketi mezani kwangu na kuniuliza, polepole ili nielewe, ni nani hasa aliyekuwa katika hofu hiyo. Akachukua daftari akaandika ngazi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ugonjwa: "unwell", mtu hajisikii vizuri, "seriously ill", ameugua sana, "dangerously ill", yuko hatarini. Ya pili ilikuwa ya wasiwasi wetu sisi tunaomtazama: "a little concerned", "anxious", "very anxious". Akasema akiona neno la chini atakuja siku yake. Akiona la juu kabisa ataacha kijiko kwenye sahani. Na nisitumie neno ambalo sijaliona kwa macho.

Alipoondoka Nyamhanga aliniambia nimtafsirie ngazi zile. Akafikiri, akasema, "Sasa tuyatafutie watu."

Ndivyo tulivyofanya. Kwa miaka mitatu kila neno katika daftari lile tuliliwekea mtu. Pembeni ya "unwell" niliandika: anayelalamika chakula hakina chumvi. Pembeni ya "seriously ill": aliyeacha kuuliza kama ng'ombe wake wamerudi. Pembeni ya "anxious": ndugu wamekaa lakini hawazungumzi. Nyamhanga hakujua kusoma Kiingereza, lakini alizoea sura za maneno yale kama anavyozoea mtu chapa za ng'ombe wa jirani. Aliweka kidole juu ya neno akaniambia ni lipi, na hakukosea. Jioni tulifungua daftari tukabishana. Je, yule mama wa jana alikuwa wa daraja la pili au la tatu? Sijawahi kusoma chuo kilichonifundisha kutazama mgonjwa kuliko mabishano yale.

Kulikuwa na jambo moja lililonitatiza, na hapa mnisikilize. Watu wetu hawakubali karatasi yenye jina la ndugu yao iondoke bila kusomwa. Na wana haki. Kabla Marwa hajapanda baiskeli, barua ilisomwa kwa sauti mbele ya mgonjwa na jamaa zake. Lakini kwetu, iwe Kurya, Ikoma au Natta, ukiulizwa hali ya mgonjwa huwezi kujibu kwamba yuko hatarini. Kusema hivyo ni kumwita huyo asiyetakiwa aje. Unajibu kwamba hajambo kidogo. Mtu anaweza kuwa hajambo kidogo mpaka asubuhi ya mazishi yake.

Nyamhanga alikuwa na dawa yake kwa hilo. "Andika kwa ukali, soma kwa upole," aliniambia. Karatasi iseme "dangerously ill", na mdomo useme kwamba tunamwomba daktari apite amwone mzee, hajambo kidogo. Karatasi ni ya daktari na sauti ni ya ndugu. Nilifanya hivyo, lakini sikupenda. Nilikuwa kijana wa shule, nimefundishwa kwamba uongo ni uongo. Kila niliposoma kisichoandikwa masikio yaliniwaka.

Kisha Nyamhanga akaugua mwenyewe.

Alikuwa na ngiri ya siku nyingi, akiifunga kwa kitambaa na kuendelea kubeba wagonjwa. Asubuhi moja ya Jumatatu haikurudi ndani. Kufikia saa tatu alikuwa anatapika, tumbo gumu, jasho la baridi. Alilala kwenye kitanda kile kile alichowalazia wengine, na mkewe, Mama Bhoke, aliketi miguuni pake, kimya. Marwa alisimama mlangoni ameshika baiskeli. Mimi nikaketi kuandika.

Neno nililijua. Tulikuwa tumelitafutia watu miaka mitatu. Lakini kalamu ilipofika pale mkono ulikataa. Nikiliandika ingenibidi nisome kwa upole, na huyu aliyelala ndiye aliyeutunga mchezo wenyewe, angeusikia katika sauti yangu na kujua ninavyomwona. Nikajiambia daktari anamfahamu Nyamhanga, jina litatosha. Nikaandika kwamba bwana Nyamhanga ni "unwell" na sisi ni "a little concerned". Hajisikii vizuri, na tuna wasiwasi kidogo. Nikamsomea neno kwa neno, kwa mara ya kwanza bila kubadili kitu.

Alinisikiliza amefumba macho. "Imetosha, mura," akasema. "Nipe niifunge."

Kufunga bahasha ilikuwa kazi yake siku zote. Akaomba na penseli, aweke alama yake juu ya bahasha kama kawaida. Nikampa, nikatoka nje kumwambia Marwa aangalie tairi, kwa kweli nilitaka kulia mahali ambapo hawanioni. Niliporudi bahasha ilikuwa imefungwa, na daftari letu lilikuwa limelala kitandani kifuani pake, wazi. Nilidhani analiaga.

Siku ya pili, kabla ya saa sita, gari la daktari lilikuwa mlangoni. Daktari hakuwa amenyoa. Wakamchukua Nyamhanga, wakampasua Tarime, akapona. Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Barua yako ilinifaa." Nilirudi Machochwe kwa furaha ambayo sijapata tena nyingine kama hiyo.

Lakini hakurudi kazini kwetu. Daktari alimkataza kuinua kitu kizito, akamweka Tarime kwenye stoo ya dawa. Nikabaki mwenyewe na kinoo, sindano na daftari. Sikujua zahanati inaweza kuwa kubwa hivyo. Jioni nililifungua daftari na hakukuwa na mtu wa kubishana naye. Nilikuwa ninauliza kwa sauti, "Huyu ni daraja la ngapi, mzee?" halafu ninajibu mwenyewe, na nilianza kukubaliana na majibu yangu haraka mno.

Tena nilikuwa nimejifunza jambo, au nilidhani hivyo. Kwa Nyamhanga niliandika kwa upole na daktari alikuja mbio. Basi neno kali halikuwa na lazima. Daktari ni muungwana, anaelewa adabu yetu. Nikaacha ule mchezo wa kusoma kisichoandikwa. Nilichoandika ndicho nilichosoma, na masikio yakaacha kuwaka. Misimu miwili ya mvua ilipita na mambo yalikwenda, kwa sababu hakuletwa mtu wa daraja la mwisho.

Ndipo akaletwa Gati, mke wa Chacha, siku ya tatu baada ya kujifungua, mwili unawaka moto. Dawa ya sindano iliyomfaa ilikuwa Tarime, sisi hatukupewa. Mama mkwe wake alisimama kwenye meza yangu amempakata kichanga. "Andika vizuri, mwanangu," akaniambia, "usimtaje vibaya binti wa watu." Nikaandika vizuri. "Unwell." "A little concerned." Nikasoma, na yule mama akaitikia kwa kichwa kila mstari.

Ilikuwa Jumatatu. Jumanne nilikaa barabarani nikisikiliza gari. Jumatano asubuhi Gati akafariki. Alhamisi daktari alifika kwa saa zake za kawaida, na sanduku la dawa, akatukuta tunatoka kuzika.

Niliona uchungu ambao sikuwa na pa kuuweka, nikaupeleka kwa daktari. Wiki ile ile nilikwenda Tarime nimevaa viatu. Nikamwambia usoni kwamba kwa Nyamhanga, mtu wake, alikuja siku ya pili, na kwa Gati, mwanamke wa Machochwe, alingoja siku yake, wakati barua zilikuwa na maneno yale yale.

Alifungua faili, akaiweka barua ya Nyamhanga mbele yangu. Mwandiko wangu ulikuwa pale, mzuri, wa wino. Chini yake, kwa penseli, herufi kubwa zimeinama huku na huku, kila moja imechorwa kama mtu anavyochora chapa, palikuwa na maneno mawili: "dangerously ill".

Nilimkuta Nyamhanga stoo anamimina dawa ya kikohozi kwenye chupa. Sikumwamkia.

"Mzee, barua yangu ilisemaje?"

"Ilikuwa nzuri."

"Nimeiona."

Akaendelea kumimina mpaka chupa ikajaa, akaifunga, akaiweka chini.

"Gati wa Chacha amekufa," nikasema. "Nilimwandikia kama nilivyokuandikia wewe."

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza alipochukua chupa nyingine. "Ungeniambia tu kwamba barua yangu ingekuua."

"Ningekuambia nini, mura? Ulikuwa umekaa pale na kalamu imekwama. Wewe ulikuwa ndugu. Ndugu anasomewa kwa upole."

"Mimi nilikuwa karani wako."

"Ndiyo," akasema. "Hapo nilikosa."

Nilimkasirikia sana mtu yule, na sijapata kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika ile. Yote mawili yalikaa kifuani kwangu pamoja, na bado yapo.

Niliporudi nilipita kwa Chacha. Nilimwambia barua ilisemaje na ilipaswa kusemaje. Nilitegemea anipige, na nadhani nilitaka anipige. Alikuwa anarekebisha mlango wa zizi. Alisema, "Ungeandika vile, mama angekufukuza hapa." Akagonga msumari. Baadaye akasema, "Ungeandika tu." Sikuwahi kuandika tena barua bila kumsikia.

Tangu hapo niliandika kwa ukali na kusoma kwa upole, na masikio yakiwaka niliyaacha yawake. Pembeni ya "dangerously ill" kwenye daftari niliandika jina la Gati. Ninyi sasa mna redio na fomu zenye visanduku. Vizuri. Lakini nimeona visanduku vyenu, na nimeona jinsi mkono unavyosogea kwenye kile cha katikati ndugu wanapokuwa wamesimama mezani.

Mwaka mmoja au zaidi ulipita. Marwa aliniletea barua kutoka Tarime, ya Kiswahili, imetoka kwa Mama Bhoke kwa mkono wa jirani. Ilikuwa na mistari miwili. Mzee wako anakusalimu, hajambo kidogo. Anasema usisumbuke, kazi ni nyingi.

Niliisoma nimesimama mlangoni. Nikamwambia Marwa anipe baiskeli.

Nyamhanga alifariki siku ya tatu baada ya mimi kufika. Ninalisema hapa, nje ya zamu yake, ili nimalizie pale ninapotaka kumalizia. Nilimkuta nje ya nyumba yake, karibu na hospitali, amelazwa juani juu ya ngozi ya ng'ombe. Vidole vile vinene vilikuwa vimekwisha. Hakuuliza ng'ombe wa mtu yeyote.

"Nani amekuita?" akaniuliza.

"Mama aliandika kwamba hujambo kidogo."

Alimtazama mkewe, akanitazama mimi, na kicheko kikamtoka, kidogo, cha kushika tumbo. "Kumbe sasa unajua kusoma," akasema.

Tulikaa. Niliivuta harufu ya sabuni ya hospitali iliyokuwa kwenye shati lake, ile niliyoizoea Machochwe, na nikatamani anitume nikachemshe sindano. Baada ya muda akasema, "Mura, niandikie daktari."

Daktari alikuwa ng'ambo ya uwanja, ningeweza kumwita kwa mdomo. Lakini nilitoa karatasi. Nikaandika jina lake, nikaandika "dangerously ill", nikaandika "very anxious", na safari hii mkono haukukataa, ingawa sikuwa ninaona vizuri nilipokuwa ninaandika.

"Nisomee," akasema.

Mama Bhoke alisogea karibu asikie. Nikaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Daktari," nikasoma, "tunakuomba upite umwone mzee wetu. Hajambo kidogo."

Nyamhanga alisikiliza mpaka mwisho amefumba macho. Kisha akanyoosha mkono apewe bahasha aifunge.